Mzigo wa Nawaf Uko Jeddah

Ukifika Al-Sulay siku ya Ijumaa baada ya sala ya alasiri, pita magodauni ya vigae, pita kwa fundi wa magurudumu ambaye siku hiyo hafungui, utaona kiti kirefu cha basi dogo kimekalishwa juu ya matofali. Hapo ndipo Wakenya wachache wa upande ule wa Riyadh humalizia siku yao ya pekee ya kupumzika, na tangu kiti kile kiwekwe pale hakuna jambo lililojadiliwa juu yake likafikia uamuzi. Thamosi ni ya Hezekiah. Kahawa yake ni chungu, ina tangawizi ya kukereketa, na sheria ya pale ni kwamba mwenye thamosi ndiye mwenye neno la mwisho. Kwa hiyo Hezekiah huwa na neno la mwisho hata pale asipojua neno la kwanza. Wanamwita Wakili. Kule Kisii aliwahi kukaa miaka miwili nje ya mahakama akiwapigia watu chapa barua zao; hapa anaendesha forklifti, lakini sheria haijamtoka kichwani hata kidogo.

Siku hiyo Alfayo alikuja amenyoa ndevu, amepiga pasi mpaka soksi. Alfayo ni dereva wa nyumba, kwa mzee mmoja mpole ambaye yeye humwita Baba. Kijiweni jina lake ni Vioo, maana hawezi kusimama karibu na gari bila kulifuta vioo, hata liwe si lake.

— Vioo, leo umeoga mara ngapi? akauliza Fred. Huyu hubeba mbao kwenye yadi, na wanamwita Sinema kwa sababu hakuna kitu duniani ambacho hajakiona kwanza kwenye simu.

— Kesho naenda Jeddah, akasema Alfayo. Naenda kuona Priscilla.

Wee! Kiti kizima kilipiga makofi. Priscilla ni mkewe. Anafanya kazi za ndani kwenye nyumba moja Jeddah, na wawili hao walikuwa hawajaonana ana kwa ana miezi kumi na minne, ndani ya nchi moja. Madam wake amempa muda wa saa mbili kesho jioni. Watakutana mtaa wa Kandara huko huko Jeddah, pale penye maduka ya bei nafuu, wale wali na kuku kwenye meza moja kama watu. Alfayo alikuwa ameuwaza huo wali tangu Jumatano.

— Na bosi amekuachilia hivi hivi tu? akauliza Wakili huku akimmiminia.

— Si bosi. Ni kijana wake, Nawaf. Ana mzigo wake kwa ofisi ya vifurushi huko, na ati hawawezi kuuleta Riyadh mpaka mtu aende auchukue kwa mkono. Akaniambia yalla, chukua gari, lala huko, rudi Jumapili.

— Mzigo gani huo wa kusafirisha mtu jangwa lote?

Alfayo angeweza kusema "mzigo tu" na wangehamia kwa mpira. Lakini ana ulimi mwepesi akiwa na furaha.

— Kile kitu cha kufunga mdomoni mwa bunduki. Kizuia sauti. Nawaf alinionyesha picha, anataka kuwindia na bunduki ya babake.

Allan akaweka kikombe chini. Allan ni mlinzi wa godauni la vigae, na kabla ya hapo alikuwa askari wa wanyamapori Laikipia miaka sita, ndiyo maana jina lake ni Renja. Kwa kawaida haongei sana.

— Vioo, hicho kitu si kava ya simu, akasema.

— Nakijua! Sinema akadakia. Ukifunga hicho, bunduki inasema fyu, basi. Unapiga ndege mmoja juu ya mti, yule wa pili anaendelea kuimba, hajui kama amefiwa.

— Uongo, akasema Renja. Bado utaisikia, tena vizuri. Kinapunguza, hakimalizi. Pikipiki si iko na sailensa? Na si bado unaisikia ikikuja? Hicho ni cha kuokoa masikio. Kuna mgeni wa Ufini alitutembelea, akatuambia kwao wawindaji hukifunga ili wasizeeke viziwi.

— Ala! Basi hiyo ni dawa ya masikio, akasema Wakili. Dawa haijakatazwa popote.

— Wakili, hicho kinahesabiwa kama bunduki. Kuna nchi unaonyesha leseni dukani wanakuuzia. Kuna nchi unajaza fomu, unachukuliwa alama za vidole, unangoja mpaka unasahau uliomba nini. Na kuna nchi ukipatikana nacho mfukoni ni kama umepatikana na bunduki yenyewe. Hapa sheria yao inasemaje, mimi sijui. Na wewe hujui. Lakini kote nilikosikia, karatasi hutangulia mzigo. Hakuna mahali unaleta kitu kwanza halafu ndiyo unaenda kuomba ruhusa.

— Baba ana kibali cha bunduki, akasema Alfayo haraka. Mimi mwenyewe nilimpeleka kukitafuta.

— Kibali cha bunduki yake, chenye jina lake. Mwanawe je? Na hicho kidude kimeandikwa ndani ya hicho kibali?

Alfayo akapiga funda. Alikuwa amekuja pale kutafuta watu wa kumfurahia, na sasa Renja alikuwa anamuuliza maswali kama afisa wa uhamiaji. Moyoni alikasirika kidogo, kusema kweli, na akamgeukia Wakili kwa sababu alijua Wakili hamwangushi mtu anayetaka jambo liwe rahisi.

— Wakili, wewe unaonaje?

Wakili akajikohoza kama yuko mbele ya jaji.

— Kesi iko wazi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ukibeba mzigo wa mwenzako, kwako wewe ni mwepesi. Beba.

— Maana yake si hiyo! akasema Renja.

— Ni hiyo. Thamosi ni ya nani?

Renja akarudi kwenye kikombe chake. Sheria ni sheria.

— Sikizeni, Wakili akaendelea. Dereva ni nini? Dereva ni mkono wa bosi. Ni begi lenye miguu. Mshawahi kuona begi limesimamishwa kizimbani? Ati "begi nambari moja, unakubali kosa ama unakataa"? Hakuna. Wanauliza mwenye begi.

— Na wakiliuliza begi kwa Kiarabu? akauliza Sinema.

— Begi halijui Kiarabu. Hiyo pia ni utetezi.

Watu wakacheka, Alfayo naye akacheka, na kwa muda ule mfupi Jeddah ikarudi karibu.

— Shida si mahakama, akasema Sinema, akisogea mbele. Shida ni kizuizi cha barabarani. Niliona video. Wana mashine siku hizi, unapita tu na gari, inasoma mapigo ya moyo. Ukiwa unawaza bunduki, taa inakuwa nyekundu.

— Basi Vioo asiwaze bunduki, akasema Wakili.

— Awaze nini sasa?

— Awaze Priscilla. Taa itakuwa kijani mpaka Jeddah.

— Hapana, akiwaza Priscilla mapigo yatapanda zaidi, akasema Sinema kwa uzito wote. Mashine itadhani amebeba kifaru.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema Wakili. Ukikaribia kizuizi, inama.

— Ainame akiendesha gari?

— Kidogo tu. Kwa heshima.

Renja alikuwa hacheki. Alikuwa anamtazama Alfayo, na Alfayo aliona anatazamwa, akajifanya anafuta kioo cha simu yake kwa shati.

— Nikikataa je? Alfayo akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya mchezo tena. Mnaongea tu nyinyi. Nawaf akiudhika anaweza kuniharibia kwa babake. Ikama yangu ya kukaa huku inaisha mwezi wa tano, na anayeijaza ile fomu ni Nawaf, Baba haoni vizuri. Nikirudishwa nyumbani, Priscilla abaki huku peke yake? Na kesho ananingoja. Mnajua ameomba ruhusa mara ngapi kwa yule madam? Mara nne! Mara nne ndiyo akapewa saa mbili.

Wakili, bila methali safari hii, akammiminia kahawa tena.

Wakati huo ndipo Cliff alitokea kwenye kona ya godauni, amevaa kandambili. Alikuwa na wiki tatu tu katika nchi ile. Ni mtu mzima, ana mvi, wanalala chumba kimoja na Renja, na alikuja kuchukua ufunguo. Nyumbani Migori alikuwa amekaa kwenye kaunta ya vifurushi ya kampuni ya mabasi kwa miaka ishirini, akipokea magunia ya omena na viatu vya harusi. Alisalimia kila mtu kwa mkono, akasimuliwa kesi yote na watu watatu wakizungumza kwa pamoja, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza.

— Na huo mzigo umeandikwa jina la nani?

— La Nawaf, si ndiye mwenyewe? akasema Wakili.

— Umeliona, ndugu yangu?

Wakili hakuwa ameliona. Sinema naye hakuwa ameliona. Wote wakamgeukia Alfayo.

— Kwetu kaunta ilikuwa hivi, akasema Cliff pole pole. Mimi sikujua nani amelipia gunia wala nani atakula samaki. Aliyeandikwa ndiye mwenye mzigo. Ukifunguliwa ukapatikana na bangi, nilimwonyesha polisi kitabu, polisi akasoma jina. Halafu nashangaa kitu kimoja. Kama umeandikwa Nawaf, ofisi itakupaje wewe?

Alfayo aliliona jibu kabla hajafungua simu. Maana katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi alizozijua, hakuna anayesumbuka na vifurushi. Pazia, nepi, taa za ukumbini, manukato ya mama mwenye nyumba, kila kinachoagizwa huandikwa namba ya ikama ya dereva na simu ya dereva, kwa kuwa dereva ndiye anayesimama langoni na ndiye anayetumiwa nambari ya siri ya kupokelea. Miaka mitatu alikuwa amepokea hivyo. Aliona fahari hata, kuaminiwa namna ile.

Akafungua ujumbe wa ofisi ya vifurushi. Akausoma kwa sauti, Kiingereza chake kikikwama.

— Mpokeaji na mwagizaji: Alfayo Shikanda Lubanga. Namba ya ikama... ni yangu. Kilichomo: vifaa vya michezo. Mpokeaji afike mwenyewe na kitambulisho.

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anaosha trela, maji yakisikika yakipiga chuma.

— Kwa hivyo aliyenunua ni mimi, akasema Alfayo. Mimi, dereva wa kutoka Vihiga, nimeagiza kidude cha bunduki kutoka ng'ambo, nikaandika ni vifaa vya michezo. Na kesho nilikuwa naenda na mguu wangu kuweka sahihi.

— Pengine Nawaf hakuwa na nia mbaya, akasema Renja. Amezoea tu. Kwake wewe ndiye mlango wa mizigo.

— Na hiyo ndiyo mbaya, Renja. Hata hakufikiria!

Akainuka. Wakili akamshika mkono, akamwambia angalau amalize kahawa, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini akasema kwa sauti ndogo, kama mtu asiyejua tena mkuu ni yupi. Alfayo akatembea hatua tano, akapiga simu. Hakumpigia Nawaf. Alimpigia Baba.

Wote walimsikia, ingawa walijifanya wanatazama trela. Kiarabu chake ni cha barabarani, maneno matupu yasiyoshikana, na kila alipokwama alirudia neno lile lile: ism, ism ana, jina, jina langu. Mafi Nawaf, si Nawaf. Kisha akasikiliza. Mwisho akasema ndiyo Baba, ndiyo Baba, akakata.

— Amesemaje? akauliza Sinema.

— Ameniuliza mara tatu ni kitu gani. Hakujua chochote. Halafu akasema halas, usiende. Nimpelekee simu aone mwenyewe, kesho twende mimi na yeye kwa ofisi yao hapa hapa Riyadh, waandike kwamba mzigo si wangu. Nawaf nimemsikia nyuma akipiga kelele.

— Na ikama?

— Sijauliza. Ningeuliza vipi?

Alikaa. Hakuna aliyempongeza, na ndivyo ilivyofaa, maana uso wake haukuwa wa mtu aliyeokoka. Simu ikaita kabla hajaiweka mfukoni. Alikuwa Priscilla, anataka kujua ataondoka saa ngapi asubuhi, na kama bado anapenda kuku wa kukaanga ama siku hizi anaogopa mafuta.

— Siji, mama, akasema Alfayo.

— Nani amekukataza?

— Nimejikataza mwenyewe.

Akamweleza yote, bila kuficha neno, mbele ya wanaume wanne waliokuwa wakiangalia vidole vyao vya miguu. Alipomaliza, akasikia upande wa pili mtu akipenga kamasi.

— Priscilla?

— Nipo. Nalia kidogo, ngoja.

Akangoja.

— Alfayo, mimi kukungoja nimezoea, akasema Priscilla. Miezi kumi na minne nimekungoja, na madam nitamwomba mara ya tano. Lakini ungeingia jela kwa jina lako mwenyewe, mimi ningeenda kumwambia nani kwamba si wewe?

Alfayo akasogea mwisho wa kiti, akawapa wenzake mgongo, na wakamwacha azungumze na mkewe mpaka salio la Priscilla likaisha.