Hifadhi Iwe ya Mwisho: Maisha ya Theonest Ildefonsi wa Kitahana

Ndugu waombolezaji, mimi ni Kipriani, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome, na nikikwama katikati mnivumilie.

Marehemu Theonest Ildefonsi alizaliwa tarehe 14 Machi 1977 hapa Kitahana, mtoto wa pili wa Mzee Ildefonsi na Mama Immakulata, alisoma shule ya msingi papa hapa kuanzia 1985 hadi 1991, akaendelea na sekondari Kibondo mjini, na mwaka 2003 akapata stashahada ya kompyuta Dar es Salaam. Tarehe 8 Julai 2006 alifunga ndoa na Esteria, Mungu akawajalia Careen na William.

Oktoba 2012 aliajiriwa na shirika moja la misaada mjini Kasulu, kutunza mitambo yenye kumbukumbu za wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, yakiwemo majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Zilikuwa mashine tatu zinazotumia hifadhi moja, ndiyo ghala la majina yote, na mwaka huu zilipotakiwa kuhamia toleo jipya la programu marehemu aliandika utaratibu kwa mkono, akaubandika ukutani: kwanza nakala ya kila kitu, kisha kompyuta inayozisimamia, kisha mashine moja baada ya nyingine, na hifadhi iwe ya mwisho, kwa sababu ikishavuka hairudi, na mashine ya zamani haiwezi kuisoma. Alitusumbua nayo hata mezani, jamani, mtu unakula ugali wako wa muhogo unaambiwa huezeki kabla ya kupandisha ukuta!

Tarehe 4 Mei 2015 alilazwa Kibondo, moyo umetanuka, daktari akamkataza kabisa kutoka kitandani. Warundi walikuwa wakiingia kwa maelfu, hifadhi ikakaribia kujaa, na tarehe 18 Mei mwenzake Melkiadi, akitafuta nafasi ili watu waandikishwe, akaanza kuhamisha hiyo hiyo hifadhi kwenda toleo jipya, mashine zote zisione jina hata moja. Melkiadi yupo hapa, msimtafute kwa macho, alikosea kwa haraka ya kusaidia.

Siku mbili marehemu aliwaelekeza Melkiadi na wenzake kwa simu, mtandao unakatika, mwisho akaomba apelekwe Kasulu, daktari akakataa, Esteria akakataa huku analia, nikawasha pikipiki mimi. Alifanya kazi ameegemezwa kwenye kiti, akizivusha mashine moja baada ya nyingine ziifuate hifadhi, Ijumaa tarehe 22 majina yakarudi yote, Jumamosi saa nne asubuhi akafariki, akiwa na miaka thelathini na minane, miezi miwili na siku tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kibondo, ambao tuliwakaidi, majirani wa Kitahana mliochimba kaburi kwenye mvua, na wafanyakazi wenzake kutoka Kasulu. Shemeji Esteria, hujasema nami tangu juzi, na una haki. Careen, William, baba yenu alikwenda kuwatafutia watoto wa watu wazazi wao, na aliyempeleka ni mimi.

Lala kwa amani, kaka.