Mzee Hippolyte, Mgeni wa Miaka Ishirini na Tisa

Baada ya miaka ishirini na tisa katika Kiwanda cha Mikate cha Asubuhi Njema, hapa Kisenyi, Uganda, Mzee Hippolyte Ekambi alistaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Leo Ijumaa, tarehe 4 Julai, tunamuaga, na tuna furaha kutangaza kwamba mwenyewe yupo ukumbini. Jumanne hatukuwa na hakika hiyo.

Mzee alikuja kutoka Douala, Kameruni, mwaka 1996, kwa wiki mbili tu, kufunga tanuri la mtumba. Alilifunga vizuri mno. Shida ni kwamba lilikataa kuwaka kwa mtu mwingine. Akiliwasha Otim, msaidizi wake, moshi ulitanda hadi kwa majirani. Akija Mzee, akalipiga teke moja chini kushoto na kulikaripia kwa Kifaransa, mikate ilitoka imeiva. Wiki mbili zikaongezwa, kisha zikaongezwa tena, na hatimaye kila mtu akaacha kuuliza.

Akawa mkuu wa tanuri. Wauzaji wa soko la Kikuubo walifungua maduka wakikuta mikate yake ikiwasubiri. Mafuriko yalipoingia Bwaise, anakopanga chumba kwa Mama Sumayiya, Mzee alikuja kazini na viatu vya mpira, suruali imekunjwa, na hamira kichwani kama mfalme. Siku hiyo mikate ilichelewa kidogo, naye akaiomba radhi mikate.

Lakini ukimwambia anunue pazia, alijibu, "Mimi hapa napita tu." Kitanda alilalia cha kuazima. Ukazi wa kudumu hakuuomba, kwa sababu, alisema, huo ni wa watu wanaokaa. Sanduku lake lilisimama nyuma ya mlango wa stoo tangu 1996, limefungwa tayari kwa safari ya mwakani, na sote tuliokuja baadaye tulilitumia kama kiti.

Juni mwishoni, Loice wa uhasibu aliolewa kwao Kisumu na kumwomba Mzee akamwokee keki. Sanduku likasafiri kwa mara ya kwanza. Ndani mlikuwa na suti ya 1996, ambayo kwa bahati mbaya haikunenepa pamoja na mwenyewe. Picha zipo ubaoni, na tunaomba msizicheke mbele yake.

Jumanne akarudi kupitia mpaka wa Busia. Dirisha la Kenya likamgongea muhuri wa kutoka. Akapiga hatua chache hadi dirisha la Uganda, ndani ya ukumbi uleule, na hapo Afisa Lamwaka akamwonyesha kwamba kibali chake cha kazi kilikwisha jana yake. Bwana Ogwang wetu wa utumishi, mtu wa utaratibu, alikuwa amekiombea hadi siku ya mwisho ya kazi, bila kuzidisha hata chai ya jioni. Kurudi Kenya nako hakukuwezekana, maana idhini yake ilikuwa ya kuingia mara moja. Mzee akakaa kwenye benchi katikati ya madirisha mawili, akiwa na nusu keki na bila nchi.

Angeweza kuingia kama mgeni, mradi mwenyeji wake aeleze anakuja kufanya nini. Bwana Ogwang akapigiwa simu, akababaika, akatuma rasimu ya wasifu huu wa kumuaga. Humo ilisomeka kwamba Mzee "amerejea kwao Douala moja kwa moja." Afisa akataka kujua mtu aliyekwisha kuondoka anaagwaje. Mwandishi bado anashikilia kwamba sentensi ile ilikuwa nzuri.

Ndipo Afisa akamuuliza mwenyewe, "Mzee, wewe natoka wapi?"

"Bwaise."

"Hapana, mi nauliza kwenu."

"Bwaise, madamu. Pale karibu na mfereji. Ufunguo iko na Mama Sumayiya."

Foleni ikacheka. Mzee hakucheka. Alilia, mtu mzima, keki mapajani, kwa sababu alikuwa amejisikia akisema jambo ambalo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulisema, na sasa huenda wangemrudisha mahali ambapo hakuna tena anayemjua.

Afisa alimpa viza ya mgeni, ya siku tisini, kama sheria inavyoruhusu. Kisha akamrudishia pasipoti, na badala ya kumkaribisha Uganda kama wageni wote, akamwambia, "Kulikayo, Mzee." Hilo ndilo neno tunalomwambia mtu wa nyumbani anaporudi, hata kama alikwenda dukani tu.

Kwa kuwa kisheria Mzee sasa ni mgeni wa matembezi, haruhusiwi kufanya kazi yoyote. Tanuri limezima tangu alipoondoka, Otim anachechemea kwa sababu ya kuliiga lile teke, na mikate ya sherehe hii imenunuliwa kwa washindani wetu. Mzee ameionja. Tumeomba maoni yake ayaweke hadi wageni waondoke.

Ombi la ukazi wa kudumu limepelekwa jana. Safari hii amelitia sahihi kabla Bwana Ogwang hajamaliza kueleza.

Mzee, asante kwa kila asubuhi uliyotulisha. Zawadi yako tulikuwa tumeshainunua: sanduku jipya, la magurudumu. Tumelirudisha dukani tukachukua kabati la nguo. Liko Bwaise tayari, Mama Sumayiya amelifungulia mlango, na suti imeshatundikwa. Ukae salama, uzeeke nasi. Kulikayo.

Travis Omolo, Idara ya Usambazaji