Mama Chebet Aliyengoja Kusalimiwa

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Bi Peninah Chebet, ambaye wote tunamwita Mama Chebet, anastaafu baada ya miaka ishirini na moja na miezi minane ya utumishi katika Kituo cha Jirani hapa Rooty Hill, Sydney. Aliajiriwa Machi 2004, kituo kikiwa vyumba viwili nyuma ya duka la kufulia nguo. Anatuachia jengo la vyumba tisa, bustani ya sukuma wiki, na birika la umeme ambalo amelikataa tangu siku lilipoletwa.

Tuanze na birika. Mama Chebet ni mtu wa Kericho, na chai kwake ni majani, maziwa na sufuria juu ya moto. Anayechovya kifuko kwenye maji ya moto yeye humtazama kwa huruma ile ile anayowatazama nayo wagonjwa. Mkurugenzi wetu, Bwana Wainaina, amekiri kwamba kwa miaka kumi amekuwa akinywa chai ya kifuko ofisini mwake, mlango ukiwa umefungwa.

Ninayeandika ni Katungu wa mapokezi. Nimepewa kazi hii kwa sababu meza yangu na yake zinatazamana, na kwa sababu Bwana Wainaina alijaribu mara mbili akaishia kuandika hotuba.

Mama Chebet alisomea uuguzi Kenya na kufanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili kwa miaka kumi na mmoja. Alipofika Sydney mwaka 2001 alianzia makao ya wazee huko Quakers Hill, akiwaogesha na kuwalisha watu ambao majina yao anayakumbuka hadi leo. Kituo kilipomwajiri, kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kuwaunganisha wasemaji wa Kiswahili na huduma za afya ya akili. Kwa kweli ilikuwa kukaa na watu hadi waseme kile walichokuja kusema. Wengi huanza na mgongo. Wengine huanza na tumbo, au na barua ya nyumba. Yeye hupima presha, husoma barua, humenya pamoja nao viazi vya mlo wa Kikundi cha Jumanne, na hana haraka.

Ndiye aliyetunga kikaratasi chetu cha Kiswahili. Kinaeleza kwamba daktari wa familia anaweza kukuandikia mpango wa kumwona mwanasaikolojia, kwamba mkalimani wa simu yupo, na kwamba unaweza kuomba mkalimani wa jimbo jingine bila kumtajia jina lako. Alikikata kitoshe ndani ya kava la simu. Juu yake, ili mwenye kukibeba asiulizwe maswali, alichapisha ratiba ya treni za stesheni yetu. Ratiba ikabadilika, kikaratasi hakikubadilika, na kwa muda wa mwaka mzima waumini wa makanisa matatu walichelewa kazini. Lawama zote alizibeba yeye, na kicheko pia.

Si watu wote walimpenda. Lazima niliseme hilo, maana wasifu wa sifa tupu yeye mwenyewe angeufungia mandazi.

Mwaka 2016 Mzee Symphorien, anayewaongoza wazee wa Kikongo kuanzia Macquarie Fields hadi huku kwetu, alileta barua ya kurasa tatu. Alilalamika kwamba mfanyakazi anayelipwa kuwahudumia Waafrika anapishana na wazee sokoni, kanisani na stesheni bila kuwasalimu. "Anatupita sawa vile tuko miti," aliandika. Nyote mnajua uzito wa jambo hilo kwetu. Mtu anaweza kukunyima chakula ukamsamehe, lakini asiyekusalimu amekwambia kwamba hakuoni. Wengine walisema ni maringo ya Wakenya. Mama Chebet alipoitwa kujieleza, alisema Mzee ana haki ya kukasirika, na kwamba yeye hatabadilika. Ukimsalimu wewe kwanza, anaitikia kwa mikono miwili na kukuulizia hadi mbuzi wa shangazi yako. Usipomsalimu, anapita.

Sababu yake sisi wa ofisini tuliijua kwa juu juu. Leo naieleza yote, kwa ruhusa.

Mwaka 2013 alikuwa na mteja mmoja, mwanamke kutoka Butembo, mwenye mwaka mmoja tu Australia. Alikuwa akipanga mizigo kwenye ghala na kulea watoto wawili peke yake. Usingizi ulikuwa umemkimbia kwa miezi mingi. Alisahau kula, alisahau sufuria motoni, na siku mbili alisahau kumchukua mtoto shuleni. Hofu yake kubwa haikuwa ugonjwa. Aliogopa kwamba watu wakijua watamwita kichaa, na serikali ikisikia neno hilo itamnyang'anya watoto. Kwa hiyo alikuja kwa Mama Chebet akipitia mlango wa nyuma, mara nne, na baada ya mara ya nne, pamoja na dawa za daktari, akaanza kulala.

Jumapili moja baada ya ibada, Mama Chebet alimkuta kwenye foleni ya chakula pamoja na akina mama wa kanisa. Alimsalimu kama alivyolelewa, salamu isiyokatwa katikati: habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Na kwa furaha ya kumwona amerudisha mwili kidogo, akaendelea, kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angeendelea: na usingizi je, zile dawa zinasaidia?

Foleni nzima iligeuka kumtazama mwanamke yule. Kufikia Jumatano, hata Macquarie Fields walijua nani anameza dawa za kichwa.

Mwanamke yule hakurudi kituoni wala kanisani. Aliacha dawa, akafunga mapazia, na usingizi ukamkimbia tena. Wahenga husema mficha maradhi kilio humuumbua, na ni kweli. Lakini wahenga hawakusema afanye nini aliyeumbuliwa kwa salamu.

Mama Chebet hakusubiri kushtakiwa. Aliandika kosa lake kwa mkono wake na kulipeleka kwa mkurugenzi wa wakati ule. Kisha akaenda kwa mwanamke yule, bila beji, akiliacha gari mtaa wa pili. Mara ya kwanza hakufunguliwa. Mara ya pili alijibiwa kupitia mlango: "Niko bien, mama. Wende," yaani hajambo, aende zake. Mara ya tatu mlango ulifunguka kiasi cha mnyororo wake. Hakuomba kuingia. Aliomba radhi, akasema hakuja kumrudisha kwake; amekuja kumwonyesha njia isiyopita kwake. Akampa karatasi aliyoiandika kwa penseli. Ilikuwa na jina la daktari mwanamke huko Parramatta, ambaye hajui mtu wetu hata mmoja, na jina la mwanasaikolojia mwenye nafasi, kwa kuwa alikuwa amewapigia wote kuhakikisha. Ilieleza namna ya kumpata mkalimani wa mbali. Na chini kabisa, sentensi moja peke yake: kutafuta matibabu si sababu ya mama kunyang'anywa watoto. Akaondoka, na tangu siku hiyo hakumsalimu tena mtu yeyote kwanza. Angewasalimu wengine na kuwapita wateja, watu wangewatambua wateja. Angeeleza kwa nini, watu wangeanza kuwatafuta. Akaona ni heri aitwe mwenye maringo.

Karatasi ile ilikaa juu ya friji siku tisa. Siku ya kumi mwanamke yule alipiga simu Parramatta. Ilimchukua mwaka mmoja na nusu, daktari mmoja mvumilivu, na mkalimani ambaye alikuwa sauti tu ya mama fulani kutoka Perth, akiwakemea kuku wake katikati ya mazungumzo. Lakini alipona kiasi cha kuishi, kufanya kazi na kucheka.

Mwanamke yule ni mimi.

Nilipoomba kazi hapa mwaka 2018, Mama Chebet alijitoa kwenye usaili kwa kile alichokiita sababu binafsi. Siku yangu ya kwanza alinipa mkono na kuniuliza jina langu linatamkwaje. Kwa miaka saba tumetazamana meza kwa meza, na hajawahi kunikumbusha, hata kwa jicho. Watu wakiuliza tulijuana vipi, hushughulika na chai yake na kuniachia mimi jibu. Nami kila mara nimejibu kwamba niliona tangazo la kazi. Nilikuwa nikisambaza vikaratasi vya kuwaambia watu wasione aibu, huku nimekalia aibu yangu mwenyewe kama kiti.

Nilipomwonyesha rasimu hii aliisoma mara mbili. Aliniambia siri hii ni mali yangu, nisiitoe kama zawadi ya kustaafu. Kama nataka kuitoa, watoto wangu wasije wakaisoma kwenye jarida la kituo. Wasikie kwanza kutoka kwangu.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita, tukikunja nguo, nilianza kwa kumwambia binti yangu Divine, ambaye sasa ana miaka ishirini. Kiswahili anakielewa vizuri na hukijibu kwa Kiingereza. "I know, Mum," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye shuka. Alijua tangu akiwa na miaka minane, na yeye ndiye aliyekuwa akizima jiko. Nililia, naye akaendelea kukunja. Halafu akaniuliza kama ile karatasi bado ipo, kwa sababu ana rafiki chuoni ambaye halali. Nilimpa kikaratasi kipya. Ratiba ya treni imeondolewa, na namba ya kwanza juu ni ya mezani kwangu.

Mzee Symphorien, kama unasoma, sasa unajua. Uamuzi kuhusu barua yako tunakuachia wewe.

Mama Chebet, tunakushukuru kwa viazi, kwa penseli, kwa miaka yote uliyoona afadhali sisi tulindwe na wewe usemwe. Nakupenda, na nilipaswa kukwambia zamani. Nenda ukapumzike nyumbani kwako Quakers Hill, uamke jua likiwa juu, chai iwe nzito, wanao wa Brisbane wasikae miezi mitatu bila kukuletea wajukuu. Ikitokea siku moyo ukawa mzito, unajua kuliko sisi sote mahali pa kupiga simu. Tunakutakia ustaafu wenye afya na watu. Na yule rafiki wa Divine, kama amepiga au hajapiga, hilo hata wewe hutalisikia kwangu.