Mwalimu Redio na Kidole Kisichosomeka

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, familia imeniomba mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya dada yetu, na sauti ikinikatika mniwie radhi, maana mwenye sauti katika nyumba yetu alikuwa yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba fundi uashi na mama muuza mboga, akakulia katika vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, na mama alikuwa akisema kwamba kelele za mashine ile ndizo zilizomzoeza kupaza sauti, kwa sababu katika nyumba ile aliyenong'ona alilala njaa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1974, akamaliza sekondari mwaka 1984, akajiunga na chuo cha ualimu na kuhitimu Novemba 1986, na tarehe 12 Januari 1987 akaripoti katika shule iliyo nyuma ya stendi ya mabasi, ambako hakuhama tena. Alifundisha hesabu darasa la pili, na sauti yake ilivuka ukuta kiasi kwamba alipouliza saba mara nane ni ngapi, watoto wa darasa jirani ndio waliokuwa wa kwanza kumjibu, huku mwalimu wao amesimama ubaoni hana la kufanya, na hapo ndipo wakamwita Mwalimu Redio, jina ambalo hata mwalimu mkuu alilitumia akijisahau.

Tarehe 8 Septemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, seremala aliyekuja kutengeneza madawati ya shule, akarudi wiki iliyofuata kuyakagua, na ile iliyofuata tena, ingawa madawati hayakuwa na kasoro yoyote, na Mungu akawajalia watoto watatu, binti mkubwa ambaye sasa ni muuguzi, kijana wa kati ambaye ni dereva wa lori, na kitinda mimba ambaye bado yuko sekondari.

Ndugu zangu, asitokee mtu akasema dada yetu alikuwa mwoga wa mitambo, kwani ndiye aliyekuwa wa kwanza pale shuleni kununua simu ya kugusa, na walimu waliokuwa wadogo kwake kwa miaka ishirini walimpelekea matokeo ya wanafunzi wao awaingizie kwenye mfumo. Shule ilipotangaziwa, Januari 2022, kwamba italetewa mashine ya kusoma alama za vidole, ili kila mwalimu aguse asubuhi akifika na jioni akiondoka, wengi waliguna, yeye akasimama kikaoni akasema, "Ije hata kesho, tujue nani anafundisha na nani anatembea."

Mashine ikaja, ikafungwa ukutani nje ya ofisi, ikawasoma wote isipokuwa yeye. Chaki ya miaka thelathini na mitano ilikuwa imemla ncha za vidole zikabaki laini kabisa, akabonyeza cha shahada, akabonyeza gumba, akahamia mkono wa kushoto, mashine ikalia na kuandika kwamba haimtambui, na mwisho wa mwezi orodha ya watoro ilipobandikwa ubao wa matangazo, jina lake lilikuwa la kwanza, kwa wino mwekundu. Wale aliokuwa akiwasema kikaoni, waliobonyeza asubuhi wakaenda kwenye shughuli zao na kurudi jioni kubonyeza tena, hawakuwemo, na mmoja wao akamuuliza mbele za watu, "Redio, siku hizi unatembea wapi?"

Shemeji yetu alijaribu kuyageuza kuwa kichekesho, akamshauri apake mafuta ya kupikia, akapaka, siku hiyo kioo kikachafuka na mashine ikamkataa kila mtu mpaka saa nne, shule nzima ikacheka, naye akacheka, lakini hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyomwona akicheka habari za shule. Mwalimu mkuu alimwambia, "Mwalimu wangu, mimi nakuona kila siku, ila mashine haina mjomba, na wakubwa wanasoma kilichoandikwa na mashine," dada akaambiwa aandike barua ya kujieleza, kisha nyingine, kisha akaambiwa kifaa kipya kitaletwa, na hakikuletwa.

Akaanza kuvaa glavu ili asiguse chaki, mwandiko ukaharibika, sauti ikapungua, na jambo lililomuuma kuliko yote ni kwamba alikuwa akitoka katikati ya kipindi kwenda kujaribu tena kidole, akiwaacha watoto peke yao, yaani ili aandikwe yupo ilimbidi asiwepo. Aliyekuwa akiwahi shuleni kabla ya mlinzi kufungua geti akawa anasimama ng'ambo ya barabara akilitazama, na nyumbani simu ikilia ujumbe wa kikundi cha walimu, anaweka kijiko chini na hali tena.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, daktari akamwandikia mapumziko, akayakataa, akisema hataongeza wino mwekundu kwa mkono wake mwenyewe. Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, asubuhi, akiwa kwenye mstari wa walimu, kidole kikiwa juu ya kioo, alipatwa na kiharusi, na tarehe 19 Juni, saa nne asubuhi, akafariki hospitalini, mkono wake ukiwa mikononi mwa binti yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, tunawashukuru majirani kwa maji, kuni na kukesha nasi, tunawashukuru walimu wenzake, na hasa yule mwalimu kijana wa darasa jirani aliyemdaka kabla kichwa hakijagonga sakafu. Tuna ombi moja kwa mwalimu mkuu, ambaye yuko hapa mbele yetu. Shemeji alipokwenda ofisi ya shule kufuata barua ya ugonjwa, alionyeshwa kwenye kompyuta kwamba tarehe 3 Juni mke wake hakufika kazini. Hatudai chochote, wala hatutaki ugomvi na mtu, tunaomba tu pafutwe hapo, paandikwe kwamba alifika.

Pumzika, dada yetu, huko uendako hutaulizwa kama umefika.