Mama Pasi Alisema Hajambo

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, marehemu alimwambia daktari kwamba hajambo. Imeandikwa hivyo katika kumbukumbu za zahanati ya mtaa, na ni kweli alisema. Jumatatu iliyofuata alifariki dunia. Familia imeona wasifu huu uanzie hapo, kwa sababu tangu wakati huo neno hilo moja limekuwa likitumika kumlaumu mtu ambaye hawezi tena kujibu.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 9 Agosti 1961, mtoto wa pili kati ya wanne wa baba mwashi na mama muuza mkaa. Walikaa nyuma ya tanuri la matofali, na moshi wa tanuri uliingia katika kila kitu kilichoanikwa. Wazazi wake walikuwa watu wa adabu. Mtoto aliyepita bila kusalimia alirudishwa mpaka njia panda aje upya. Marehemu alikuwa akisimulia kwamba kuna siku alirudishwa mara ya pili kwa kosa la kusalimia huku anatafuna.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969 na kufika kidato cha pili mwaka 1978, baba yake alipoanguka kutoka jukwaa la ujenzi kazini na masomo yakaishia hapo. Shuleni alijulikana kwa sare iliyonyooka. Nyumbani hapakuwa na pasi, kwa hiyo alinyoosha sketi kwa kitako cha sufuria yenye maji ya moto. Siku moja alisahau kufuta masizi, akaingia darasani na duara jeusi nyuma ya sketi. Mwalimu wa hesabu akamuuliza, "Na hilo ni nini?" Akajibu, "Duara, mwalimu. Kipenyo bado natafuta." Alichapwa, lakini inasemekana mwalimu alichapa huku anacheka. Kuanzia siku hiyo aliitwa Pasi, na alipopata watoto akawa Mama Pasi.

Baada ya kozi ya mwaka mmoja ya ushonaji na utunzaji wa nguo, tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa na hospitali kuu kama dobi. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha chini ya jengo, chenye mabomba yanayotoa jasho na dirisha lililotazama magurudumu ya magari, mpaka alipostaafu mwezi Agosti 2021. Alifua mashuka, mapazia na makoti ya madaktari. Kabla ya kuloweka alipekua kila mfuko, na alichokikuta alikirudisha mwenyewe wodini: kalamu, pete, pipi, na mara moja barua ya mapenzi iliyokuwa haijatumwa. Alimkabidhi daktari husika akiwa ameikunja vizuri. "Mwanangu," alimwambia, "mimi sijasoma, lakini maji yalitaka kusoma." Daktari yule alioa mwaka uliofuata na alimwalika harusini. Madaktari watatu kati ya wanaoongoza idara za hospitali hiyo leo walianza kazi wakiwa wamevaa makoti yaliyopigwa pasi na mikono yake.

Mume wake alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la hospitali hiyo hiyo. Walijuana kwa ugomvi. Alimletea mashuka yenye damu akiwa ameyatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya moto, akidhani anasaidia.

"Kaka, damu hailowekwi kwenye maji moto. Kwenu hawafui?"

"Mimi nimeajiriwa kuendesha, dada."

"Basi leo umeajiriwa mara ya pili. Shika ndoo."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986 na Mungu akawajalia binti mmoja na wavulana wawili. Kwa miaka thelathini na saba waliishi katika nyumba moja na kubishana juu ya jambo moja: nani kati yao aliokoa watu wengi zaidi. Mume alidai ni yeye, kwa sababu aliwafikisha. Marehemu alimjibu kwamba kumfikisha mgonjwa kwenye shuka chafu ni kumbadilishia ugonjwa.

Mwaka 2022 hospitali ilimwondoa daktari aliyekuwa akija katika zahanati ya mtaa siku za Jumanne na Alhamisi, ikaleta tiba mtandao. Mgonjwa anakaa mbele ya skrini, muuguzi anasimama pembeni, na daktari anaonekana akiwa mjini. Haki isemwe: chombo hicho kimesaidia watu. Mtoto wa jirani, aliyekuwa na tatizo la jicho, alionwa na daktari bingwa ambaye wazazi wake wasingeweza kumfikia hata kwa mwezi mzima wa kuhangaika. Marehemu mwenyewe alikisifu. "Bingwa anafika mpaka mtaani," alisema, "na wala koti halichafuki." Hakuna mtu wa familia hii anayegombana na skrini. Tunagombana na watu walioamua itumike vipi.

Mwezi Januari mwaka huu marehemu alianza kuchoka bila sababu. Alishindwa kumaliza ngazi za kanisani bila kupumzika. Akaanza kulala ameinuliwa na mito, maana akilala chali pumzi ilikata. Ilipofika Machi miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vyake vikamkataa, akawa anavaa ndara za mumewe. Yeyote aliyemwona akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti angejua kwamba ni mgonjwa.

Daktari hakumwona akitembea. Kamera ya zahanati imefungwa kwa skrubu mezani ili isiibiwe, na inaonyesha uso na mabega. Binti yake alikuwepo chumbani, na mazungumzo anayakumbuka hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hujambo?"

"Sijambo, tunamshukuru Mungu. Ila hii pumzi..."

"Dawa za presha unatumia?"

"Natumia. Ila pumzi, mwanangu, usiku..."

Hapo picha iliganda, daktari mdomo wazi, mkono hewani. Iliporudi, daktari alisema, "Samahani mama, nilikupoteza kidogo. Umesema hujambo, sivyo?"

"Sijambo, ila..."

Muuguzi akasogea mbele ya kamera. "Daktari, naomba nikwambie kuhusu miguu yake."

"Sista, mwache mgonjwa ajieleze mwenyewe. Utaratibu unaujua."

Muuguzi akarudi nyuma. Marehemu aliona haya muuguzi kukemewa mbele za watu kwa ajili yake, akasema, "Basi mwanangu, si neno." Daktari akamwambia aendelee na dawa zile zile na arudi baada ya mwezi mmoja. Kisha akaandika: mgonjwa hajambo, hana malalamiko mapya.

Kila mtu aliyeketi hapa anajua *sijambo* ni nini. Ni salamu. Mtu aliyevunjika mguu husema sijambo. Aliyefiwa husema sijambo. Mgonjwa aliye kitandani, akitembelewa, husema sijambo kidogo, kisha anapumua, kisha anasema *ila*, na ugonjwa wote uko baada ya hiyo *ila*. Marehemu alifika kwenye *ila* mara tatu. Mara zote tatu hakuna aliyesubiri. Daktari yule si mgeni wa lugha hii. Alimwamkia mama wa watu shikamoo, maana yake alifundishwa kwao kama sisi tulivyofundishwa kwetu. Akijibiwa hivyo na mama yake mzazi, angeuliza tena.

Jumapili jioni hali ilibadilika. Binti alipiga simu kuomba gari la wagonjwa. Aliyepokea alimjibu kwa upole kwamba gari linatolewa baada ya daktari kumpima mgonjwa kwa skrini na kutoa namba ya rufaa.

"Basi mpimeni sasa hivi."

"Zahanati imefungwa, dada. Mpaka kesho asubuhi."

"Na kama hafiki kesho?"

"Mimi nakueleza utaratibu tu, dada yangu."

Jumatatu asubuhi walikuwa mlangoni mwa zahanati kabla haijafunguliwa. Muuguzi alifungua, akawasha skrini, na mtandao haukuwepo. Alijaribu tena. Kisha alimgeukia mume wa marehemu. "Baba, mchukueni. Msinisubiri mimi wala hii mashine."

Mtu aliyeendesha gari la wagonjwa la hospitali kuu kwa miaka ishirini na sita alimpeleka mke wake katika hospitali hiyo kwa gari la jirani la kubebea mchanga, marehemu akiwa ameketi mbele, ameegemea bega la binti yake. Mlinzi wa getini alimtambua. "Mzee, pita," akasema, akainua kizuizi bila kuuliza kitu. Ndani, mapokezi, waliulizwa namba ya rufaa. Binti alieleza. Akaulizwa tena. Marehemu alikata roho kwenye benchi la mapokezi wakati binti yake akieleza kwa mara ya tatu. Daktari aliyeitwa alikuja mbio na kumshika kifundo cha mkono. Tangu ugonjwa huu uanze, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mkono wa daktari kumgusa.

Jumatano hospitali ilituma watu wawili msibani, na tunawashukuru kwa kufika. Walileta shada la maua na maelezo. Mkubwa wao alisema hospitali inasikitika, lakini kumbukumbu ziko wazi, marehemu mwenyewe alisema hajambo, na mgonjwa akificha hali yake daktari hana la kufanya. Dada wa marehemu, ambaye ni muuza mboga sokoni na hajawahi kusifiwa kwa upole, alikuwa amekaa mkekani. Alimwita asogee.

"Baba, hebu nisalimie."

"Ninyi hamjambo, mama?"

"Hatujambo. Umesikia? Hatujambo. Na dada yangu yuko chumba cha maiti. Haya, toa kalamu yako uandike: hapa hakuna msiba."

Hakuandika. Mwenzake akaomba wapewe ruhusa waende.

Familia imeiomba hospitali mambo mawili, kwa mdomo na kwa maandishi. La kwanza, yafutwe maneno kwamba marehemu hakuwa na malalamiko. Alikuwa nayo, na alijaribu kuyasema. Hakuficha ugonjwa wake, na hakujiua kwa adabu yake. La pili, muuguzi aliye chumbani na mgonjwa asikilizwe na daktari kabla mgonjwa hajaulizwa lolote, kwa kuwa yeye ndiye mwenye macho na mikono humo ndani. Jibu lililokuja hadi jana ni kwamba suala linafanyiwa kazi. Tuliombwa pia tupunguze makali ya wasifu huu kabla haujachapwa. Hatukupunguza.

Marehemu ameacha mume, binti, wavulana wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na wafanyakazi wa chumba cha kufulia wa hospitali kuu, ambao wamefua na kupiga pasi kitambaa kilichofunika jeneza lake bila kuombwa. Mwenyezi Mungu ampokee na kumpa pumziko alilolistahili.

Mume wake ana presha, na dawa zake hazitolewi mahali pengine ila katika chumba kile cha skrini pale zahanati. Miadi yake ni Alhamisi hii, tarehe 28 Machi. Atakwenda. Shemeji yake, dada wa marehemu, ataingia naye, na hakuna kati yao atakayeketi kwenye kiti kile mpaka muuguzi awe amemaliza kuzungumza na daktari.