Mheshimiwa Ngojeni Kwanza Aaga Kiti Chake

Baada ya miaka kumi na tisa ya kuwawakilisha watu wa Kabambare, Mheshimiwa Hamadi Lutala anaacha kiti chake katika Bunge letu la jimbo tarehe 30 Juni. Hakushindwa uchaguzi wala hakuna aliyemfukuza; nasema hivyo maana wapo walioanza kunong'ona. Ana miaka sabini na moja na ameona inatosha.

Alizaliwa Kabambare, akasomea kilimo Kasongo, akawa agronomu wa serikali kwa muda mrefu, akizunguka vijijini kufundisha watu kupanda mpunga na karanga. Wakulima hao, Waislamu kwa Wakristo, ndio waliomtuma bungeni, naye hakuwahi kujifanya mtu mwingine. Ni mhafidhina, na analisema neno hilo kifua mbele. Kwake sheria mpya ni mgeni: ipewe kiti, kisha iulizwe inatoka wapi na inataka nini.

Sisi wa ofisi ya kumbukumbu tulimpa jina la Mheshimiwa Ngojeni Kwanza. Alipinga kubadilishwa kwa saa ya kikao. Alipinga viti vipya, akisema vya zamani havijamkosea mtu. "Mwacha mila ni mtumwa" aliirudia hadi mwenzetu Serge akawa anaiandika kabla mzee hajafungua kinywa. Na ile abakosti yake, koti la kizamani asilolivua, jamani! Mwaka mmoja pikipiki ilimwangusha topeni akitoka Kasongo. Tukamwazima shati safi, akalikataa, akahutubia huku tope linamkaukia kifuani. Hoja ya siku hiyo ilikuwa ubovu wa barabara, kwa hiyo alisikilizwa vizuri sana.

Lakini tusimvike kilemba cha ukoka. Kuna jambo lililotuudhi wengi. Mheshimiwa Pascaline Kabala alipoleta sheria ya kumhakikishia mjane shamba alilolima na mumewe, Papa Hamadi aliongoza upinzani, na sheria ikaanguka. Alishikilia kwamba ukoo hauwezi kumtupa mjane, na kama yuko aliyetupwa, basi aje kwake yeye, naye mwenyewe atakwenda kukaa na ukoo huo.

Mama Subira akaja kweli. Alitoka Lusangi na watoto wanne. Ndugu za marehemu mumewe walikuwa wamewaachia wachimba dhahabu shamba lake la mihogo. Bila shamba lile watoto wangekula nini? Kesho yake Papa Hamadi akapanda pikipiki kwenda Lusangi.

Huko alitumia mila aliyoijua. Mgeni mwenye heshima akikataa chakula, aibu ni ya mwenye nyumba, na kijiji kizima kinaiona. Wazee wa ukoo walimwandalia bukari, ugali wa kwetu, na kuku. Akafunika sahani na kuirudisha. "Siwezi kula, na mujane wenu iko na njaa." Jioni ikawa vilevile. Asubuhi kuku mwingine akarudi jikoni na mapaja yake yote mawili, na wanawake kisimani wakaanza kuulizana kulikoni. Jua halijazama, wazee waliwaondoa wachimbaji na kumrudishia Subira shamba lake mbele ya watu.

Tulidhani atarudi akijigamba kwamba mila imeshinda. Kumbe sivyo. Katika kikao kilichofuata aliomba sheria ya Mheshimiwa Pascaline irudishwe mezani. "Mila ilifanya kazi," alisema, "lakini ilihitaji mubunge wa kushinda njaa. Wajane wako wengi, na mimi niko na tumbo moja tu." Ukumbi ulicheka. Yeye ndiye aliyeinua mkono wa kwanza, na sheria ikapita. Nililia, wala sioni haya kusema.

Wenzake wa mrengo wake walimnunia kwa miezi. Hakujitetea. Mambo mengine yote aliendelea kuyapinga kama kawaida yake, hata rangi ya mapazia.

Mwezi wa Machi kaka yake mkubwa, aliyekuwa mkuu wa ukoo, alifariki, na ukoo umemchagua Papa Hamadi akae mahali pake. Marehemu ameacha mjane, Mama Faida, na shamba zuri la mpunga kando ya kijito. Ndugu wanalitaka. Kwa utaratibu wa zamani lingekwenda kwa mdogo wa marehemu, yaani kwa Papa Hamadi mwenyewe. Siku ile alipoinua mkono, kaka yake alikuwa tayari mgonjwa kitandani, na yeye alijua vizuri anapiga kura ya nini. Wiki iliyopita alikwenda Kabambare, akawaita ndugu zake wote, akamwomba shemeji yake atangulie mbele awaonyeshe mipaka ya shamba.

Asante, Papa Hamadi, kwa kutuchelewesha na kwa siku ile uliyotuharakisha. Tunakutakia maisha mema na uzee wa amani. Na Mama Faida tunamtakia mavuno mengi, katika shamba lake.