Swali la Binti Kaburini kwa Bi Kisirani

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, gereji, au mmejilaza na mguu unaouma, karibuni. Leo tunamkumbuka diwani wetu, mwenyekiti wa kamati ya mazingira. Ndiye aliyekilazimisha kiwanda cha ngozi kuacha kumwaga sumu kwenye kijito chetu. Tulimzika jana. Wenzake barazani walimwita Bi Kisirani. Walimpa jina hilo kumkomoa, naye akalipokea na kulibandika kwenye mabango ya kampeni.

Wiki hii nimesikia mengi. Malaika wa mazingira. Mama mpole wa miti. Mpole? Jamani. Mdogo wa marehemu ameniapia kwamba nikimwita dada yake mpole redioni, atakuja studio anizime mwenyewe. "Dada alikuwa na kinyongo," aliniambia. "Nilitoboa sufuria yake tukiwa wasichana. Amelazwa wodini, pumzi inamkatika, bado ananiuliza sufuria yangu nitailipa lini." Kwa hiyo leo simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Bi Kisirani aliingia siasa kulipiza kisasi, na alilipiza.

Kisa kilianza na mumewe. Wakati huo Bi Kisirani alikuwa msusi, ana saluni ya viti viwili karibu na stendi. Mumewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye matangi ya dawa na kutoa ngozi zilizolowekwa. Viganja vilichubuka. Kikohozi kikaingia, kikakaa. Mume akafa wakati binti yao bado yuko shule ya msingi. Na mume huyu hakugusa pombe. Narudia, hakugusa pombe. Hata kwenye harusi alikuwa anaomba maji, watu wanamcheka.

Siku ya mazishi alikuja meneja wa kiwanda. Suti, miwani, shada kubwa la maua. Akaomba maikrofoni. Akasema kiwanda kimempoteza kijana hodari, na inasikitisha kwamba ulevi ulimzidi nguvu. Akawaasa vijana waache pombe. Mjane amekaa mbele, binti kamlalia mapajani. Hakuna aliyefungua mdomo, maana nusu ya waliokuwepo walikuwa wanakula kwa kiwanda hicho. Na ikishasemwa ni pombe, nani tena atauliza habari za tangi la dawa? Mdogo wake anasema dada hakulia. Alimkazia macho yule bwana mpaka akamaliza.

Mtenda husahau, wasikilizaji. Mtendewa hasahau.

Kwa nini basi kijito? Nilimwuliza mwenyewe, humuhumu studio. Alinijibu: "Mume wangu nimeshamfukia. Siwezi kumfukua nikawaonyesha watu mapafu yake. Lakini maji machafu ya yule bwana yanapita hadharani kila siku. Hapo ndipo nilipomshika." Nikamwuliza kama anakipenda kijito. Akasema, "Kijito nakipenda. Yule bwana namchukia zaidi." Mimi nilicheka, yeye hakucheka.

Na maji yenyewe yalikuwa aibu. Asubuhi buluu, mchana kahawia, juu povu. Watoto wa shule ya pale kando walikuwa na vidonda miguuni. Bustani za mboga zikakauka. Akagombea udiwani, akaangushwa. Akagombea tena, akaangushwa tena, huku magari ya kiwanda yakimbebea mpinzani wake wapiga kura. Mara ya tatu akapita. Wanawake wote aliowasuka walimpa kura, na waume zao waliogopa kuulizwa nyumbani wamempa nani.

Barazani wakamtupia kamati ya mazingira, kwa sababu hakuna aliyeitaka. Kamati ilikuwa inakutana ukumbini, kwenye kiyoyozi, chai na biskuti mezani, na kila likitajwa suala la kiwanda linaahirishwa. Bi Kisirani akasoma kanuni. Kanuni zinasema mwenyekiti ndiye anayechagua mahali pa kikao. Basi. Akahamishia vikao darasani, kwenye ile shule ya kando ya kijito, hatua chache tu kutoka bomba la kiwanda. Tena mchana wa jua kali, saa ambayo bomba linafunguliwa.

Karani wa kamati alinisimulia. Harufu ya ngozi iliyooza ilikuwa inaingia na kukaa kama mjumbe halali. Waheshimiwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu, leso puani. Mwenyekiti anaagiza kumbukumbu za kikao kilichopita zisomwe neno kwa neno, halafu zirudiwe, maana eti kuna mjumbe hakusikia vizuri. Mheshimiwa mmoja akaomba dirisha lifungwe. Akamjibu, "Watoto wanasomea humu mwaka mzima, mheshimiwa, na hawajatusumbua." Kikao kilichofuata, palepale. Na kingine, palepale. Siku moja mjumbe akatapika kwenye kikapu cha takataka, na siku hiyohiyo pendekezo likapita bila kupingwa. Bomba lifungwe mpaka kiwanda kijenge mabwawa ya kusafisha maji yake. Meneja alihangaika, akapiga simu huku na huko, wapi. Bomba likafungwa, mabwawa yakajengwa. Siku hizi kijito kina samaki wadogo, nimewaona kwa macho yangu.

Lakini kisasi hakikwisha, wasikilizaji. Kijito alikipata. Jina la mumewe hakulipata. Mpaka anakata roho, hakuna mtu wa kiwanda aliyesimama hadharani akasema yule mume hakuwa mlevi. Binti yake alilijua hilo. Sasa ni mtu mzima, fundi cherehani. "Nimekulia ndani ya hasira ya mama," aliniambia. "Nimeichoka. Lakini siwezi kuizika pamoja naye."

Jana yule meneja akaja makaburini. Ndiyo, yuleyule. Mzee sasa, amestaafu, fimbo mkononi, hana haya wala hana vibaya. Akatuma ujumbe kwa familia kwamba angependa kusema neno la kumsifu mama wa mazingira. Mdogo wa marehemu alitaka atolewe nje. Binti akamwambia, mwache, mama mdogo, aje.

Tulikuwa tunatangaza moja kwa moja, na wengine mlidhani mitambo imeharibika. Haikuharibika. Binti hakumpa maikrofoni. Aliishika mwenyewe, akaisogeza mdomoni kwa mzee, akasema kwa adabu zote: "Mzee, kabla hujamsifu mama. Baba yangu alikuwa mlevi?"

Mzee akatazama kaburi, akatutazama sisi. Halafu akasema, "Hapana. Hakuwa mlevi."

Umati ukaguna. Mama mdogo akaketi chini palepale. Mimi ningeridhika, nakiri. Lakini yule ni mtoto wa Bi Kisirani. Akauliza la pili: "Basi nini kilimuua?"

Hicho ndicho kimya mlichokisikia. Fundi mitambo alininong'oneza tuweke muziki, nikamkatalia. Mzee akashika fimbo yake, akaondoka, na hakuna aliyemsindikiza. Binti akawaambia wenye makoleo waendelee.

Kwa binti, kwa mama mdogo, kwa ukoo mzima, redio hii inawapa pole ya dhati. Mmeondokewa na mtu wa kweli. Nasi tuliobaki tujiulize. Kama kuna neno ulilisema juu ya jeneza la mtu, na unajua ni uongo, likumbuke leo. Waliofiwa wanalikumbuka.

Na wewe mzee wa kiwanda, najua unatusikiliza. Jirani yako amenipigia kulalamika kwamba redio yako iko juu mno. Namba ya studio unaijua, ulikuwa unaipiga kila tukisoma habari za kijito. Leo nafunga kipindi bila muziki, na laini nimeiacha wazi. Wasikilizaji wengine, tafadhali, msipige. Binti amekaa hapa mbele yangu, mkono wake uko juu ya simu.